Maji yakipita mbio yatapoa saa ngapi?

Fuso lilikuwa limepaki nusu ndani nusu barabarani, limejaa ndizi, kifuniko cha rejeta kimewekwa juu ya bampa na mvuke bado unatoka. Dereva kakaa pembeni anaongea na tajiri wake kwenye simu kwa ile sauti ya mtu anayetaka kueleweka. Hii ni gereji ya kawaida tu pale Majengo, Moshi, nilikokuwa field. Fundi mkuu wa pale kila mtu anamwita Mzee, na mimi nikamwita hivyo hivyo.

Mzee akauliza swali moja. "Themostati ipo?"

Haipo. Safari iliyopita fundi mmoja wa njiani aliitoa hiyo valvu inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta injini ikipata moto, akamwambia dereva kwa joto la nchi hii themostati haina kazi, ni ya Wazungu wa kwenye barafu.

"Ndiyo maana linachemsha," Mzee akasema. "Maji yanazunguka mbio mno, hayapati muda wa kupoa."

Sasa mimi nilikuwa nimetoka darasani juzi juzi tu, hiti transfa (somo la jinsi joto linavyosafiri) bado mbichi kichwani, nikasema, "Lakini Mzee, maji yakienda mbio si ndiyo yanatoa joto vizuri zaidi?"

Akafuta mikono yake kwa kitambaa taratibu huku ananiangalia. "Haya injinia. Maji yakipita mbio yatapoa saa ngapi?"

Gereji nzima ikacheka, hadi dereva mwenye shida zake.

Kilichoniuma si kicheko. Ni kwamba swali lake lina akili. Ukikaa nalo unaona kabisa kwamba kitu kinachopita haraka mahali pa baridi hakiwezi kupoa kama kilichokaa. Na fomula niliyonayo inasema kinyume. Na Mzee kaweka themostati mpya, na Fuso limeondoka na halijachemsha tena. Wiki zikapita nikiwa naliona hilo Fuso kila nikifungua daftari.

## k ina jedwali, h haina

Waliosoma hili somo wanajua linavyoanza. Kondaksheni (joto kupita ndani ya kitu), konveksheni (joto kubebwa na hewa au maji), radiesheni (joto kurushwa kama la jua), mwalimu anachora mshale mwekundu, basi. Unapewa sheria ya Fourier, yule Mfaransa aliyetoa kitabu chake cha joto mwaka 1822: joto linalopita ukutani ni k, yaani uwezo wa kitu chenyewe kupitisha joto, mara eneo mara tofauti ya digrii gawanya kwa unene. Safi kabisa. Unafungua jedwali nyuma ya kitabu unaona shaba ni kama 400, aluminiamu 200 na kitu, chuma cha kawaida kama 50, stenlesi 15 hivi, maji 0.6, hewa iliyotulia 0.025 tu. Unaridhika. Ulimwengu una mpangilio.

Halafu inakuja konveksheni na h.

Fomula yake nayo fupi, watu wanampa Newton sifa yake, h, yaani wepesi wa joto kuvuka kati ya uso wa chuma na hewa au maji, mara eneo mara tofauti ya digrii. Unaenda kwenye jedwali kutafuta h ya hewa ni ngapi, na hapo ndipo nilipoanza kuona kama natapeliwa, maana kitabu kinakwambia hewa inayojiendea yenyewe ni 5 hadi 25, hewa inayosukumwa na feni inaweza kufika 200, maji yanayosukumwa yanaanzia mia kadhaa yanafika maelfu. Hiyo si namba, hiyo ni kama bei ya bajaji usiku. Nilimuuliza mwalimu, sasa mtu wa gereji achukue ipi? Akasema inategemea.

Inategemea nini? Spidi, umbo, unene wa bomba, joto lenyewe, kama uso umelala au umesimama, kama maji yanakwenda taratibu yamenyooka au yanavurugika. Reynolds alishaonyesha mwaka 1883 kule Manchester, kwa kupitisha uzi wa rangi kwenye bomba la kioo, kwamba ukizidisha spidi kuna mahali uzi ule unakatika na rangi inasambaa bomba zima. Kwa bomba la mviringo mahali hapo pako karibu na namba 2300, namba ya Reynolds inayochanganya spidi, upana wa bomba na unato wa maji. Chini ya hapo maji yanateleza kwa matabaka, juu ya hapo yanaanza kupigana.

Ilinichukua muda kuelewa kinachosemwa. k ni mali ya kitu. Shaba ni shaba, iwe Moshi iwe London. h si mali ya kitu chochote, ni mali ya hali. Hewa ile ile, feni ikizimwa, h nyingine. Kwa hiyo huwezi kuinunua dukani wala kuiangalia kwenye jedwali ukalala, inabidi ujue hewa inafanya nini pale pale kwenye uso wa chuma, kwenye kale katabaka kembamba ambako hewa imegandia chuma na karibu haitembei.

Hako katabaka ndiko karibu hadithi yote.

## Wanaoomba rejeta ya shaba

Kuna wateja wanakuja pale gereji wanasema wazi, mi sitaki hizi za aluminiamu, nitafutie ya shaba, shaba inapitisha joto. Na wako sahihi, inapitisha karibu mara mbili. Nilikaa na kalamu siku moja nikapiga hesabu ya makadirio, namba za kawaida za vitabuni, nione inasaidia kiasi gani.

Unachukua kila kizuizi ambacho joto linakutana nacho likitoka kwenye maji kwenda nje. Upande wa maji, h tuseme 4000, kizuizi ni 1 gawanya 4000, yaani 0.00025. Ukuta wa aluminiamu wa milimita 0.3, kizuizi 0.0000015. Upande wa hewa, h tuseme 60, na mapezi ya rejeta (zile karatasi nyembamba za chuma kati ya mabomba) yameongeza eneo tuseme mara 8, kizuizi kinabaki kama 0.0021.

Angalieni hizo sifuri.

Hewa imebeba karibu asilimia 90 ya kizuizi chote. Ukuta wa chuma haufiki hata asilimia 0.1. Ukibadili ukuta ukaweka shaba umeboresha nusu ya kitu ambacho hakipo. Ni sawa na kununua gari lenye spidi kali uwahi Arusha kutoka Moshi wakati foleni yote iko Tengeru siku ya soko, utafika Tengeru mapema ukasimame na wenzako.

(Msinishambulie kwenye mapezi. Kwenye mapezi chuma kina maana, kwa sababu joto linatakiwa kutembea kwenye karatasi nyembamba kutoka kwenye bomba hadi ncha ya pezi, hapo shaba ina hoja. Ila aluminiamu ni nyepesi na bei nafuu, na unaweza kuongeza eneo kidogo mkawa sawa. Ndiyo maana magari mengi ya siku hizi yanakuja na aluminiamu toka kiwandani.)

Sasa chukua kutu na chumvi ya maji ya bomba, maana watu wetu kulanti (maji maalumu ya rejeta) wanaiona anasa. Ukoko wa nusu milimita wenye k ya kama 1 tu ni kizuizi cha 0.0005. Hiyo ni mara mia tatu na zaidi ya ukuta wenyewe! Ni mara mbili ya upande wote wa maji. Mteja anadai shaba huku ndani kabeba jiwe.

Na Mzee, ambaye hajawahi kuniandikia sifuri hata moja, kitu cha kwanza anachofanya gari likija linachemsha ni kupuliza tope na wadudu kwenye mapezi, kuangalia mkanda wa feni, na kuangalia kama lile kava la kuzunguka feni lipo, maana watu wanalitoa wakiona linasumbua. Yote matatu ni upande wa hewa. Anaenda moja kwa moja kwenye ile asilimia 90.

Cha nne ni kifuniko. Hapa ndipo sisi watu wa mlimani tunatakiwa kuwa makini kuliko wenzetu wa Tanga. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye 95 tu, si 100, waulize wanaopika maharage. Themostati nyingi zinaanza kufungua kwenye themanini na kitu. Bila kifuniko kinachobana una digrii kumi tu za kuchezea. Kifuniko kizima cha bar 1 hivi kinasukuma mchemko hadi karibu 118. Na juu ya hapo hewa yenyewe ya Arusha ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani, feni inazungusha ujazo ule ule lakini kilo za hewa ni pungufu. Kifuniko kimechoka, mtu anafungia mfuko wa plastiki na mpira, halafu anasema gari bovu.

## Turudi kwenye mbio

Kwa hiyo mpaka hapo nilikuwa na jibu nusu. Ukiongeza spidi ya maji, h ya upande wa maji inapanda. Kuna fomula maarufu ya Dittus na Boelter ya mwaka 1930 ambayo inasema, maji yakiwa yameshaanza kuvurugika, h inapanda kwa spidi kwenye kipeo cha 0.8. Ukidabo spidi, h inapanda mara 1.74. Ila kwa sababu upande wa maji ulikuwa kizuizi kidogo toka mwanzo, rejeta nzima inaboreka kama asilimia 5 tu. Inaboreka kidogo sana, lakini haiharibiki! Kwa fomula hizi huwezi kupata kuchemsha kutokana na mbio.

Lakini "yatapoa saa ngapi" ilikuwa bado haijajibiwa. Fomula ya h haijibu swali la muda, inalikwepa.

Kilichonifungua ni kuacha kuangalia tone moja la maji. Mzee anafuata tone: linaingia rejeta, linatoka, limepoa kiasi gani? Na kwa tone moja yuko sahihi, likipita mbio linapoa kidogo. Lakini injini haijali tone moja, inajali joto lote linalotolewa kwa sekunde, na matone yamekuwa mengi.

Tuseme injini inatupa kilowati 50 kwenye maji. Maji yakizunguka kilo 1 kwa sekunde, yatashuka digrii 12 yakipita kwenye rejeta. Yakizunguka kilo 2, yatashuka 6 tu. Hapo Mzee atasema si unaona? Subiri. Rejeta ile ile, kwenye hewa ile ile, ili itupe kilowati 50 inahitaji wastani wa joto la maji karibu ule ule, tuseme 85. Basi maji ya taratibu yanaingia na 91 yanatoka na 79. Maji ya mbio yanaingia na 88 yanatoka na 82.

Soma tena hizo namba nne.

Maji yanayotoka kwenye injini, yale ya moto kuliko yote, ambayo ndiyo yanaamua kama utachemsha, yameshuka kutoka 91 hadi 88. Mbio imesaidia. Ila maji yanayotoka chini ya rejeta yamepanda kutoka 79 hadi 82.

Nikarudi gereji na karatasi. Sikuanza kwa kumwonyesha, nilimuuliza tu, "Mzee, wewe uligunduaje kwamba maji yakienda mbio hayapoi?"

"Nashika mpira wa chini," akasema. "Ukitoa themostati mpira wa chini unakuwa wa moto. Shika mwenyewe utaona."

Aisee.

Mkono wake ulikuwa unamwambia ukweli mtupu. Mpira wa chini *unakuwa* wa moto zaidi, hesabu yangu yenyewe imesema. Miaka yote hiyo ameshika mpira wa chini ameona maji yamerudi injini hayajapoa kama zamani, na kutoka hapo akaruka kwenye sababu ambayo yeyote kati yetu angeruka. Kitu ambacho hakushika ni wa juu, na ule wa juu mtu haushiki hovyo, unaunguza.

## Lakini Fuso lilichemsha kweli

Hapa ningeweza kufunga daftari nikajiona bingwa. Tatizo ni kwamba Fuso lilichemsha bila themostati na likapona lilipowekewa. Kama mbio inasaidia, lilichemsha kwa nini?

Nilimweleza Mzee hesabu, akasikiliza vizuri tu, akasema, "Sawa, karatasi yako nzuri. Sasa nieleze lile Fuso." Nikanyamaza. Akaenda kwenye kopo la vyuma chakavu akaleta themostati ya zamani ya aina ile ile akanipa mkononi.

Ina kisahani cha juu tunachokijua wote, kile kinachofunguka. Ila chini yake ina kisahani cha pili. Nikakigeuza geuza. Injini ikiwa baridi, njia ya kwenda rejeta imefungwa na maji yanazunguka ndani kwa ndani kupitia njia ya mkato. Injini ikipata moto, nta iliyo ndani inatanuka, kisahani cha juu kinafungua njia ya rejeta na cha chini *kinafunga* njia ya mkato. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi maisha yake yote. Maji yanapenda njia rahisi kama mtu mwingine yeyote, sehemu kubwa inazunguka ndani ya injini bila kwenda kuiona rejeta.

Kwa hiyo maji ya Fuso hayakukosa muda ndani ya rejeta. Mengine hayakufika huko.

Tulikaa pale na hako kadude mkononi. Mzee akasema, "Kwa hiyo hayapoi." Nikasema ndiyo Mzee, hayapoi. "Basi si nilikwambia."

Na kweli aliniambia. Kila alichokiona kilikuwa sahihi: likitolewa linachemsha, likiwekewa linapona, mpira wa chini unakuwa wa moto. Kilichokuwa kimekaa vibaya ni kamba aliyofungia hayo matatu pamoja. Na mimi kamba yangu ilikuwa nzuri ila nilikuwa sina cha kufunga.

## Kijana wa Mweka

Nikiwa kwenye haya mawazo nikakumbuka kwamba sisi wa Moshi tuna historia na mambo haya. Erasto Mpemba mnamjua. Mwaka 1963 yuko Magamba sekondari, wanatengeneza aiskrimu, anaweka maziwa ya moto kwenye friza na yanaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Akaja kumuuliza Dkt. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, alipotembelea Mkwawa, wanafunzi wenzake wakacheka, Osborne akaenda kujaribu. Makala yao wawili ilitoka mwaka 1969, na wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori hapa Mweka, juu kidogo tu ya mji.

Tunaipenda hii hadithi kwa sababu mwalimu anaumbuka. Sehemu ya pili huwa hatuisimulii. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia majaribio kwa uangalifu na hawakuuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto yanapoa haraka kuliko ya baridi, na wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo unaweza ukapata matokeo yanayofanana kabisa na ya Mpemba. Watu wengine hawajakubali, mjadala unaendelea: mvuke unaopungua, mikondo ndani ya maji, barafu ya chini ya chombo inayoyeyuka na kugusana vizuri na chuma.

Mi siamini kwamba hii inamshusha Mpemba. Aliona maziwa yameganda na yalikuwa yameganda. Mpira wa chini ulikuwa wa moto. Swali ni mkono uliwekwa wapi, na kipimajoto kiliwekwa wapi, na hilo ni swali gumu kuliko la kwenye mtihani.

## Geji 28

Sasa hivi swali hilo nimelihamishia nyumbani. Mama mdogo anajenga frem ya saluni Pasua, hapa hapa Moshi, na ugomvi ni bati. Fundi wake kamwambia achukue geji 28 badala ya 30 kwa sababu ni nene, itazuia joto.

Mshaona. Ni rejeta ya shaba imegeuzwa kichwa chini. Tofauti ya geji hizo ni kama milimita 0.1 ya chuma, kizuizi chake 0.000002, hakuna mteja wa saluni atakayekisikia. Geji 28 ina faida zake, haibonyei hovyo, haing'oki na upepo kirahisi, ila si joto.

Jua la saa sita huku linamwaga karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Bati lenye kutu au rangi nzito linameza sehemu kubwa ya hiyo, linapanda kirahisi hadi 65, na kutoka hapo halihitaji hewa kukufikia. Kwa sheria ya Stefan na Boltzmann uso mweusi wa digrii 65 unarusha wati 740 kwa mita ya mraba, wa digrii 27 unarusha 460. Hiyo tofauti inashuka moja kwa moja kwenye utosi wa mtu aliyekaa chini ya draya. Ndiyo maana feni unawasha na kichwa bado kinachemka. Usiku mambo yanageuka, bati linarusha joto lake angani, mwezi wa saba linapoa hadi chini ya hewa yenyewe na asubuhi linadondosha matone ndani wakati mvua haijanyesha.

Nikamwambia mama mdogo vitu viwili tu: rangi nyeupe juu, silingi bodi chini. Nyeupe inakataa jua kabla halijaingia, silingi bodi inakaa katikati ya bati na vichwa vya watu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema nyeupe kwa vumbi la Pasua itakuwa kahawia ndani ya mwezi, na hapo ana hoja, kwa sababu nyeupe ikichafuka inaanza kumeza jua kama wenzake. Akachukua bati la msauzi, la maruni. Geji 28. Ya silingi bodi amesema nichangie mimi, maana ndiye niliyeileta.